Mashine ya Kunakili Funguo Inapolegea

Makiso ni sehemu ya katikati ya mji wa Kisangani, katika jimbo la Tshopo, nchi ya Kongo. Mji huo upo ukingoni mwa mto Kongo, nao uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Hapo Makiso lipo Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Rozari. Yapo pia maduka, ofisi na soko. Basi penye maduka na ofisi pana milango mingi. Penye milango mingi pana kufuli nyingi. Na penye kufuli nyingi, funguo hazikosi kupotea.

Mtu aliyebakiwa na ufunguo mmoja tu humwendea fundi amtengenezee wa pili. Fundi hufunga ufunguo wa zamani katika mashine, hufunga kando yake kipande kipya kisicho na meno, kisha huwasha mashine. Kwa dakika chache tu, kipande kile kimepata meno kama ya mwenzake. Lakini siku nyingine ufunguo mpya hutoka mbaya. Hauzungushi kitasa, au hukwama ndani. Sasa fundi afanye nini? Hapo ndipo akili ya fundi inapopimwa.

Jamaa ya mashine za kunakili

Mashine ya funguo ni mtoto mdogo katika jamaa kubwa. Mashine za jamaa hiyo huitwa mashine za kunakili, kwa sababu hazikati kwa shauri lao wenyewe. Zinafuata umbo la kitu kingine, na kukata kitu kipya cha umbo lile lile.

Jamaa hiyo ni ya zamani. James Watt wa Scotland, ambaye aliifanya injini ya mvuke iwe bora, alipokuwa mzee alitengeneza mashine za kunakili sanamu. Alizishughulikia nyumbani kwake mpaka alipokufa mwaka 1819. Mwaka huo huo, Mmarekani Thomas Blanchard alipata hati ya serikali ya kulinda mashine aliyoibuni. Mashine hiyo ilichonga vitako vya mbao vya bunduki kwa kufuata kitako kimoja cha mfano. Kabla ya hapo, seremala alichonga kila kitako kwa mkono, naye alihitaji muda mrefu.

Mashine ya funguo ina sehemu tano za kukumbukwa.

Ya kwanza ni kitako, yaani chuma kizito kilichofungwa juu ya meza.

Ya pili ni kigari. Hicho huteleza juu ya mhimili wa chuma cha pua, na pia huweza kuinama mbele na nyuma. Juu yake zimo jiriwa mbili. Moja hushika ufunguo wa zamani, na ya pili hushika kipande kipya.

Ya tatu ni kidole. Ni chuma chembamba ambacho hakizunguki. Kazi yake ni kugusa meno ya ufunguo wa zamani.

Ya nne ni gurudumu dogo lenye meno makali. Gurudumu huzungushwa kwa umeme, nalo ndilo linalokata.

Ya tano ni springi. Hiyo husukuma kigari upande wa kidole na gurudumu.

Sasa tazameni jinsi zinavyofanya kazi pamoja. Kidole na gurudumu hukaa mahali pao. Kigari ndicho kinachokwenda. Kidole kikikuta bonde katika ufunguo wa zamani, springi hukisogeza kigari karibu zaidi, na gurudumu hukata bonde katika kipande kipya. Kidole kikikuta mlima, kigari hurudi nyuma, na gurudumu huacha mlima. Hivyo kidole ni kama kipofu mwenye fimbo anayepapasa njia, na gurudumu ni kama mtoto anayemfuata hatua kwa hatua.

Kosa dogo, mlango haufunguki

Kitasa cha namna inayotumiwa sana leo kilibuniwa na Mmarekani Linus Yale, ambaye alipata hati ya kulinda kazi yake mwaka 1861. Ndani yake mna vijiti vidogo vya shaba njano, na kila kijiti kimekatwa vipande viwili. Ufunguo ukiingia, meno yake huinua vijiti. Mipaka ya vijiti vyote ikifika katika mstari mmoja, kitasa huzunguka. Kijiti kimoja tu kikiinuliwa mno, au kikiinuliwa kidogo mno, kitasa hukataa.

Karatasi moja ya daftari ina unene wa karibu milimita 0.1. Jino la ufunguo likizidi au likipungua kwa unene wa karatasi mbili au tatu, kitasa kinaweza kukataa kabisa. Kwa hiyo mashine ya funguo haina ruhusa ya kucheza. Sehemu inayotakiwa kukaa ikae. Sehemu inayotakiwa kuteleza iteleze katika njia yake, wala isiyumbe.

Makosa ya namna mbili

Hapa lipo jambo ambalo kila fundi hana budi kulijua. Makosa ya mashine ni ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni kosa la kudumu. Mfano wake ni rula iliyovunjika mwanzoni. Ukiipimia leo, itakosea. Ukiipimia kesho, itakosea kwa kiasi kile kile. Rula hiyo ina kasoro, lakini haina uyumbaji.

Namna ya pili ni kosa la kigeugeu. Mfano wake ni mizani ya sokoni ambayo msumari wake umelegea. Ukipima mchele ule ule mara tatu, utapata vipimo vitatu mbalimbali.

Mashine iliyopangwa vibaya hutoa kosa la kudumu. Mashine iliyolegea hutoa kosa la kigeugeu. Ndiyo sababu fundi mwenye akili hatazami ufunguo mmoja tu. Hukata funguo tatu kutoka ufunguo mmoja wa zamani, bila kugusa skrubu yo yote katikati ya kazi. Kisha huzipanga pamoja na kuzitazama penye mwanga. Zikiwa sawa zote tatu lakini mbaya, mashine imepangwa vibaya. Zikiwa tofauti, kuna kitu kinachoyumba.

Ufunguo wa kabati la dawa

Fikirini fundi mmoja mwenye mashine yake Makiso, pamoja na kijana anayejifunza kazi kwake. Siku moja anakuja mtawa muuguzi wa zahanati. Kabati la dawa lina ufunguo mmoja tu, nao hukaa kwake. Usiku mgonjwa akiletwa, mlinzi hupaswa kukimbia kumwamsha. Mtawa anataka ufunguo wa pili, ukae kwa muuguzi wa zamu.

Fundi anakata funguo tatu na kumpa mtawa azijaribu. Baada ya muda mtawa anarudi.

“Papa,” asema, “wa kwanza haukuzunguka. Wa pili umezunguka kwa shida. Wa tatu haukuzunguka kabisa.”

Kijana anashika tupa. Anataka kuupunguza meno ule wa pili kwa mkono. Fundi anamzuia. “Tupa itaponya ufunguo mmoja,” asema. “Mashine itabaki na ugonjwa wake, na kesho atakuja mtu mwingine.”

“Basi nikaze skrubu zote, Papa?”

“Mwanangu, ukizikaza zote na mashine ikapona, utajua ugonjwa ulikuwa wapi? Na isipopona, utakuwa umeharibu hata zilizokuwa sawa.”

Anazipanga funguo tatu penye mwanga. Hazilingani. Kumbe kuna kitu kinachoyumba. Anachomoa waya wa umeme, maana mikono haikaribii gurudumu wakati mashine ina umeme. Kisha anaanza chini na kupanda juu, sehemu baada ya sehemu.

Kwanza anatazama meza. Anaisukuma kwenye pembe zote nne. Miguu yote inagusa sakafu. Anazijaribu nati zinazofunga kitako juu ya meza. Hizo nazo ni imara.

Pili anafungua jiriwa na kuzipangusa kwa burashi. Unga wa shaba ukilala chini ya ufunguo, ufunguo hukaa juu kidogo au hulala upande, ingawa jiriwa imekazwa kwa nguvu. Kosa hilo ni la mara nyingi, na dawa yake ni burashi tu. Lakini leo jiriwa zilikuwa safi.

Tatu anashika gurudumu kwa kitambaa na kujaribu kulitikisa juu na chini, mbele na nyuma. Halichezi. Nati yake imekazwa, na beringi zake ni nzima. Anakisukuma kidole pia. Nacho ni imara.

Nne anafika kwenye mhimili wa kigari. Anaweka ncha ya kidole chake cha shahada juu ya mpaka, pale mhimili unapoingia katika kitako. Nusu ya ncha inagusa mhimili, na nusu inagusa kitako. Kwa mkono wa pili anasukuma kigari na kukiachilia, anakisukuma tena na kukiachilia. Vitu viwili vilivyoshikamana huenda pamoja au hukaa pamoja. Vikiachana hata kidogo sana, ngozi ya kidole huhisi, ijapokuwa macho hayaoni.

“Njoo uweke kidole chako hapa,” amwambia kijana.

Kijana anaweka. Anasikia mhimili unapiga hatua ndogo, kisha unarudi.

Fundi anataka macho yake nayo yashuhudie. Anadondosha tone moja la mafuta mepesi juu ya mpaka ule, kisha anasukuma tena. Mafuta yanaingia ndani na kutoka, yanaingia na kutoka, kama kinywa kinachopumua. Hapo hapana shaka tena. Skrubu inayoshika mhimili katika kitako imelegea. Mtetemo wa kila siku umeizungusha kidogo kidogo, wala hakuna aliyeona.

Fundi anapangusa mafuta na kuikaza skrubu ile moja tu. Haikazi kwa hasira, maana skrubu iliyokazwa kupita kiasi hukatika, au hupoteza njia zake. Anaweka tena tone la mafuta na kusukuma kigari. Tone linatulia. Anakisogeza kigari mwanzo hadi mwisho ili ahakikishe kwamba bado kinateleza vema.

Kosa lililojificha nyuma ya kosa

Fundi anakata funguo tatu mpya. Zote tatu zinalingana kabisa. Kijana anafurahi. Lakini fundi anaziweka kando ya ufunguo wa zamani, naye anaona kwamba meno ya zile mpya ni marefu kidogo kila mahali, kwa kiasi kile kile.

Kosa la kigeugeu limekwisha, na kosa la kudumu sasa limeonekana. Lilikuwapo tangu zamani, lakini kabla ya kuondoa uyumbaji halikuweza kupimwa. Ni kama maji ya mto yaliyochafuka. Mpaka matope yatulie, huwezi kuona jiwe lililo chini.

Fundi anachomoa waya tena. Anafunga vipande viwili vipya vilivyo sawa katika jiriwa mbili. Anakileta kigari mbele polepole. Kidole kinagusa kipande cha kwanza, lakini gurudumu bado halijagusa cha pili. Anapitisha kipande cha karatasi katika nafasi ile, nacho kinapita. Maana yake kidole kimetokeza mno. Kinazuia kigari kabla gurudumu halijakata kina kinachotakiwa.

“Nani amekisogeza?” auliza fundi.

Kijana anainamisha kichwa. “Ni mimi, Papa. Wiki iliyopita ufunguo mmoja ulikatwa mno. Nikakisogeza kidole ili ukate kidogo.”

Fundi hamkaripii. “Umesema kweli,” amjibu, “na kweli hiyo imetupunguzia kazi. Siku ile mhimili ulikuwa umeyumba. Wewe ulitibu kidole, ambacho hakikuwa mgonjwa. Ndivyo ugonjwa mmoja ulivyokuwa magonjwa mawili.”

Anazungusha skrubu ya kidole kidogo kidogo mpaka kidole na gurudumu viguse kwa wakati mmoja. Tena analizungusha gurudumu kwa mkono duara nzima, ili aone kama kila jino linagusa sawasawa. Meno ya upande mmoja tu yakigusa, gurudumu haliko katikati ya mhimili wake, au mhimili huo umepinda. Kosa hilo si la kulegea, na kukaza nati hakuliponyi. Leo meno yote yanagusa. Fundi anakata ufunguo mwingine, na mtawa anakwenda nao. Jioni ile kabati la dawa linafunguka kwa funguo mbili.

Magonjwa yanayofanana na kulegea

Fundi hujihadhari pia na mambo mengine yanayomdanganya mtu adhani kwamba mashine imelegea.

Gurudumu butu husukuma shaba badala ya kuikata. Ufunguo hutoka na mikwaruzo, na mashine hupiga kelele. Dawa yake ni gurudumu jipya.

Mkono wenye haraka huleta mawimbi madogo juu ya ufunguo, hata kama mashine ni nzima. Fundi akienda polepole na mawimbi yakaondoka, aliyekosea ni mkono.

Ufunguo wa zamani uliolika hutoa mtoto aliyelika kama yeye. Mashine hunakili hata ubaya.

Umeme ukiwa hafifu, gurudumu huzunguka polepole na kunguruma. Kituo cha umeme cha maporomoko ya mto Tshopo, hapo hapo Kisangani, kilianza kazi katika miaka ya 1950. Lakini umeme wa mji hauna nguvu sawa kila saa. Basi fundi husikiliza kwanza sauti ya gurudumu likizunguka bila kukata. Likinguruma hata hivyo, hungoja.

Mashine kubwa hufuata sheria ile ile

Katika viwanda vikubwa kuna mashine za kunakili zenye uzito wa kumshinda mtu kuinua. Zinachonga chuma kwa kufuata mfano, kwa mafano ya kumiminia vyombo na kwa vipande vya injini. Hizo nazo hulegea. Skrubu ndefu inayosogeza meza yake ikilika, huwa na nafasi ndani. Fundi akigeuza njia, kutoka kulia kwenda kushoto, skrubu huzunguka kidogo kabla meza haijaanza kwenda. Hapo umbo jipya hutoka na kingo zisizofanana na za mfano.

Badala ya ngozi ya kidole, mafundi wa huko hutumia kipimo chenye uso kama wa saa, ambacho mshale wake huonyesha sehemu 1 ya 100 ya milimita. Huweka mguu wa kipimo juu ya sehemu moja na ncha yake juu ya sehemu ya pili, kisha husukuma na kuachilia. Mshale usiporudi mahali pake, hapo ndipo penye ulegevu. Siku hizi mashine nyingi za viwandani huongozwa na kompyuta badala ya kidole. Lakini kompyuta haikazi skrubu. Mashine iliyolegea huharibu kazi, hata ikiongozwa na nani.

Basi, watoto, shikeni mpango huu. Jaribu mara tatu kabla ya kusema ugonjwa ni nini. Chomoa waya kabla ya kugusa. Anza chini, panda juu. Badili jambo moja tu, kisha jaribu tena. Ondoa uyumbaji kwanza, panga kipimo baadaye. Na kama umegusa kitu, sema.

Mwaka 1955 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu alikuwa seremala, na watu waliketi na kula juu ya kazi ya mikono yake. Fundi wa funguo naye, watu hulinda dawa, vitabu na nyumba zao kwa kazi ya mikono yake. Skrubu moja ndogo iliyolegea haionekani na mteja. Lakini fundi anaijua, na Mungu anaijua pia.

Maswali

1. Sehemu tano za mashine ya funguo ni zipi? Ipi hugusa, na ipi hukata?

2. Kosa la kudumu na kosa la kigeugeu hutofautianaje? Toa mfano wako mwenyewe wa kila moja.

3. Kwa nini fundi alikata funguo tatu, asikate mmoja tu?

4. Tone la mafuta lilimwonyesha fundi nini?

5. Kwa nini fundi hakuweza kupanga kidole kabla ya kuukaza mhimili?

6. Kijana alikosea nini wiki iliyopita? Alitenda nini vema leo?